Likizo ndefu ya chuo: nikajitolee Cape Town, Kigali au Istanbul?

Mwanachuo_Tabata:
Wakuu habari zenu. Niko mwaka wa pili, likizo ndefu inakuja na sitaki kukaa home natumwa sokoni kila saa. Nataka nitoke nje ya nchi nikajitolee kidogo huku natembea naona mji wa watu. Nimechuja nimebaki na mitatu, Cape Town, Kigali na Istanbul. Hela yangu ni ya kujibana, boom (hela ya mkopo wa chuo) nimekuwa nalidunduliza na mjomba kaahidi kuongezea. Kuna kampuni za mtandaoni zinakupangia kila kitu, pa kujitolea, pa kulala na pa kutembea, ila bei nimeiona nikafunga simu. Aliyewahi kwenda atupe hali halisi, sio za Instagram.

BintiWaPongwe:
Cape Town nimekaa, nilikuwa SANCCOB, kile kituo cha Table View kinachotibu pengwini. Nikwambie mapema, hakuna kukumbatia pengwini. Kazi yenyewe ni kuosha, unaosha mikeka, unaosha mabwawa, unaosha taulo, ukimaliza ya mwisho ya kwanza imeshachafuka tena. Unavaa mpira mwili mzima na glavu maana yule ndege mdogo unayemwona ana mdomo kama mkasi, na kulisha huanzi tu, mpaka ufundishwe namna ya kumshika. Jioni kwenye basi la MyCiTi watu wanahama siti kwa harufu ya samaki, mimi nilikuwa nageukia dirishani najifanya sijui ni nani anayenuka.

Ila walituhadithia ya mwaka 2000, meli inaitwa Treasure ilizama huko ikamwaga mafuta, pengwini kama 19,000 wakachafuka na maelfu ya watu wa kawaida wakajitokeza kuwaosha mmoja mmoja, na wengine karibu idadi hiyohiyo ambao walikuwa bado wasafi wakapakiwa wakapelekwa hadi Port Elizabeth wakaachiwa baharini, ili mpaka waogelee kurudi kwao mafuta yawe yameshaondolewa. Mtu aliyebuni lile wazo namvulia kofia. Baada ya hapo kuosha mikeka sikulalamika tena (sana).

Kutembea sasa. Table Mountain kama magoti mazima achana na kebo (kile kigari cha kwenye waya), panda kwa miguu njia ya Platteklip Gorge, ni bure, mawe mwanzo mwisho, beba maji. Upepo ukichachamaa kebo inafungwa na wingu linafunika mlima wote, kwa hiyo usiuweke siku ya mwisho. Robben Island boti zinatokea Waterfront na anayekutembeza gerezani ni mtu aliyewahi kufungwa palepale. Watu wote wanakimbilia kupiga picha selo ya Mandela, alikaa kisiwani miaka 18 kati ya ile 27, lakini mimi kilichonikaa ni orodha ya chakula, wafungwa walipimiwa kwa rangi, mweusi anapata kidogo kuliko Mhindi na chotara, yaani hadi gerezani wameshawafunga wote bado wanawabagua kwenye sahani.

Na nyie wenzangu wa pwani msikose mtaa wa Bo-Kaap. Kuna msikiti wa Auwal, wa 1794, wa kwanza Afrika Kusini, imamu wake Tuan Guru Waholanzi walimtoa Tidore huko Indonesia wakamfunga Robben Island, akaiandika Qurani nzima kwa kichwa. Wanayo pale msikitini.

Ubaya: maisha ghali, usiku hutembei ovyo, na kituo wanataka ukae muda wa kueleweka halafu unachangia gharama. Kwa mtu wa wiki mbili haifai.

Mdau_Rusumo:
Mkuu kwa hela ya kujibana nenda Kigali, tusizungushane. Basi linatoka Dar, unalala njiani ila unafika, hakuna tiketi ya ndege hapo. Jumamosi ya mwisho wa mwezi kuna umuganda, mtaa mzima mnatoka asubuhi kufyeka, kuzibua mitaro, kupanda miti, maduka yanafungwa mpaka mmalize, na mgeni anapewa jembe kama mwenyeji, hakuna fomu wala ada. Kutembea, Gisozi kwenye makumbusho ya mauaji ya kimbari kuingia ni bure, wamezikwa watu zaidi ya 250,000 pale, usipange kitu kingine siku hiyo maana hutakuwa na hamu nacho. Bodaboda zote abiria anavaa helmeti. Ukienda mtaa wa Nyamirambo Kiswahili unaongea unajibiwa.

BintiWaPongwe:
@Mdau_Rusumo umuganda naupenda lakini asubuhi moja kwa mwezi kaka, hiyo ni kujitolea au mazoezi? Siku nyingine zote anafanya nini?

Mdau_Rusumo:
Dada yangu hujaniacha nimalize 😂 Mimi nilifikia kwa jamaa, wakati wa umuganda ndo nikajuana na majirani, maana mkishafyeka mnakaa kikao cha mtaa. Mama mmoja akaniuliza naweza kompyuta, kesho yake nikawa nafundisha vijana Excel kwenye chumba cha kanisa. Hakuna kampuni ingenipangia hiyo.

ThikaRoad_Msomi:
Mimi ni Mkenya niwaambie kitu moja. Hizo kampuni za kulipisha ogopa, hasa zikikuambia unaenda kucheza na watoto yatima wiki mbili. Wengi wa hao watoto wako na mzazi mahali, wanawekwa pale ndio wageni walete pesa, na mtoto anakuzoea leo kesho umepanda ndege, anakuja mwingine. Huku kwetu serikali ilisimamisha kusajili makao mapya ya watoto tangu 2017. Uliza swali moja tu, hiyo kazi ukiwa nyumbani ungepewa? Kama wewe si mwalimu na unaambiwa ukafundishe darasa zima, jua mteja ni wewe.

Mwanachuo_Tabata:
Duh. Hapo umenigusa, ile kampuni niliyoona ndo ilikuwa na mapicha ya watoto. Istanbul hakuna mtu?

Kadikoy_Tz:
Nipo, nasoma huku. Bila Kituruki utabeba maboksi tu. Baada ya tetemeko la Februari 6, 2023 tulipanga nguo na mablanketi mpaka usiku, kazi ilikuwepo ya kila mtu, siku za kawaida ni lugha kwanza. Kwa kutembea lakini huu mji hauna mpinzani, panda kivuko Eminönü kwenda Kadıköy, umetoka Ulaya umeingia Asia kwa nauli ndogo tu na chai mkononi. Msikiti wa Ayasofya mtalii analipa euro 25 kuanzia 2024 na anapelekwa ghorofani, anayeenda kuswali anaingia chini bure. Msikiti wa Süleymaniye wa fundi Sinan, ulikamilika 1557, bure kabisa na uwanja wake unaona maji yote, mimi naupenda kuliko huo wa euro 25. Njoo kutembea, kujitolea kafanye kwingine.

BintiWaPongwe:
Kwa wiki chache na hela hiyo, Kigali. Nimekubali yaishe. Cape Town subiri ukimaliza chuo uje ukae, na uwaandikie kwanza kituo na ubalozi kuhusu kibali, usiingie kichwakichwa kwa muhuri wa kutembea.

Mwanachuo_Tabata:
Basi Kigali. @Mdau_Rusumo nibebe nini?

Mdau_Rusumo:
Pasipoti, koti jepesi maana kule juu kuna baridi usiku, na viatu vya kufyekea. Mifuko ya rambo (ya plastiki) toa yote kwenye begi, wamepiga marufuku tangu 2008 na mpakani wanakagua kweli, sio kama sisi. Na saa rudisha nyuma moja, usije ukaamka umuganda peke yako. Ukijua tarehe nicheki inbox nikupe namba ya jamaa.