Wenye pikapu za Land Cruiser zenye injini ya 1HZ: tupeane uzoefu, mnaendesha kwa rpm (mizunguko ya injini kwa dakika) ngapi?

Mkonga79:
Wakuu, habari za jioni. Naongelea Land Cruiser pikapu za zamani, zile za silinda sita za mstari mmoja, hasa 1HZ: cc 4,164, dizeli, haina tabo. Yangu ni modeli ya 79, inabeba vitunguu kutoka Mang'ola kwenda Arusha. Kwenye lami nikiwa km 80 kwa saa gia ya tano, mshale wa rpm uko 1,900 na kitu. Nikigusa 100 unafika 2,400 hivi. Kwa injini hii torki (nguvu ya kuvuta) inafika kileleni 2,200 na nguvu yote inatoka 3,800, kwa hiyo mimi naishi kati ya 1,800 na 2,600. Sasa kijiweni kuna anayesema ukipita 3,000 umeiua, na kuna anayesema dizeli haifi kwa resi (kuzungushwa sana) maana pampu inakata mafuta. Semeni mliyoyaona kwenye magari yenu, ya kusimuliwa tumeyachoka.

Mwana wa Sekenke:
Mkuu, 3,000 napita kila siku nikiovateki malori. Nikishapita narudi zangu gia ya tano. Haijawahi kunisumbua.

Fundi Dizeli:
Wote wa kijiweni wana nusu ya ukweli. Pampu ya dizeli ina gavana (kidhibiti cha mafuta), kweli, ukikanyaga mafuta mpaka mwisho itakata. Lakini gavana anazuia dizeli, hazuii matairi. Ukiwa unashuka na tani moja mgongoni, ukarudisha gia ya pili ghafla ukiwa na mwendo wa gia ya nne, matairi ndiyo yanayozungusha injini, na pampu hata isipotoa tone la dizeli, resi inapanda tu. Hapo mshale unaweza kupita mstari mwekundu.

Nililetewa moja imeshushwa Kitonga kwa mtindo huo. Mwenyewe alisema alisikia mlio kama wa king'ora, halafu kimya. Mkanda wa taimingi, ule unaoendesha valvu ziende sawa na pistoni, ulikuwa mzee, ukaruka, valvu zikagonga pistoni. Kumbuka 1HZ ni ya mkanda, na ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi inawaka kila km 100,000. Watu wanaizima bila kubadilisha mkanda, halafu wanalaumu resi.

Na hiyo 3,000 kwa injini ya moto yenye oili nzuri si dhambi. Ila jua kwamba mvutano kwenye konrodi (mkono wa pistoni) haupandi sawasawa na mshale: kutoka 2,500 kwenda 3,800 unazidi mara mbili. Kwa hiyo pita uende, usikae huko saa nzima kutoka Chalinze hadi Segera.

Mama Mboga Lushoto:
Shikamoo fundi. Kwangu tatizo lilikuwa kinyume kabisa. Kijana aliyekuwa ananiendeshea alikuwa anabania dizeli, anapandisha mlima kutoka Mombo na kabichi zimejaa, kang'ang'ania gia ya nne, injini inaguna, mshale uko 1,200. Moshi mweusi mpaka wa nyuma wanawasha taa! Joto nalo likawa linapanda kila safari, nikabadilisha rejeta bure. Nilipomwambia ashushe gia ya tatu au ya pili, aache injini izunguke 2,000 na zaidi, joto likakaa katikati na moshi ukapungua. Dizeli yenyewe sikuona imeongezeka.

Fundi Dizeli:
Marahaba mama. Umeona? Pampu ya maji na feni zinazungushwa na injini hiyohiyo. Ikizunguka polepole huku imebebeshwa mzigo, joto ni jingi, maji na upepo ni kidogo, na presha ya oili nayo iko chini wakati beringi zinakandamizwa. Nimefungua nyingi zilizokufa kwa kugunishwa kuliko zilizokufa kwa resi.

Mkonga79:
Fundi, Kitonga kushuka unashauri nini?

Fundi Dizeli:
Punguza mwendo kwa breki KABLA ya mteremko, ingiza gia ya tatu, ya pili ukiwa umejaza mzigo, kisha acha injini ishike. Ikikaribia 3,000 gusa breki mpaka 2,200, achia. Frii (kutoa gia) usiweke hata kwa utani.

HJ75 ya Babu:
Wenzenu tuna injini ya 2H, cc 3,980. Taimingi yake ni ya gia, haina mkanda, raha mustarehe. Ila nguvu yake inaishia 3,500, msiipeleke kwa namba za 1HZ. Na dashibodi yangu haina rpm kabisa, naendesha kwa sikio.

Fundi Dizeli:
Babu, sikio nalo linazeeka. Nunua geji ya rpm ya dizeli, ile inayosoma kutoka terminali ya W (inayotoa mapigo ya umeme kwa kadiri inavyozunguka) ya alternata. Alternata yako kama haina W, fundi umeme anaweza kuitoa. Akimaliza kufunga aipime kwanza, maana isipowekwa sawa na puli ya alternata yako itakudanganya.

HJ75 ya Babu:
Sawa fundi. Jumamosi naifungua alternata nione.