Fundi umeme kaivuruga faiba, kampuni ya intaneti inataka nilipie ruta nzima. Wakuu, huu si wizi?

Wakuu, heshima kwenu.

Nimevumilia vya kutosha, kwa simu nimeshachoka kuambiwa "tunalifanyia kazi". Mods, naomba msiuhamishe uzi huu kule kwenye mambo ya kompyuta, hapa tunazungumzia mteja kuibiwa.

Iko hivi. Nyumba yangu hapa Tabata ni ya zamani, waya zilishachoka, ukiwasha pasi na jiko la umeme kwa pamoja swichi inaruka. Nikamwita fundi umeme abadilishe waya zote na kuhamisha boksi la meni swichi kutoka korido kulileta sebuleni. Kwenye umeme wenyewe sina neno naye, soketi zimenyooka na arthi kaipiga. Ila ule waya mwembamba mweupe wa faiba, unaoleta intaneti kwa mwanga kutoka kwenye nguzo, ulikuwa unapita pale pale alipochimba ukuta. Alivyoondoka, ruta inawaka, waifai inaonekana kwenye simu, lakini taa ya LOS (ya kuonya kuwa mwanga umekatika) nyekundu na ya PON (ya kuunganishwa na kampuni) inapepesa tu. Intaneti hakuna.

Nikapiga huduma kwa wateja. "Zima ruta, subiri dakika tano, washa." Nikamwambia yule dada wa kwenye simu, LOS ikiwa nyekundu maana yake mwanga haufiki kwenye ruta, naweza kuizima mpaka Krismasi na hakitabadilika kitu. Akaniweka kwenye muziki. Aliporudi, kumbe kuna hitilafu eneo letu zima. Eneo zima lipi, wakati kwa jirani, ukuta kwa ukuta, kampuni hiyo hiyo, wanaangalia mpira mtandaoni na kelele za goli nazisikia?

Wakatuma fundi wao. Kijana kaja na bodaboda, ana simu na bisibisi, kifaa cha kupimia mwanga hana. Kautazama ukuta uliochimbwa, akatoa hukumu: "Bosi, hapa kulikuwa na kazi ya umeme eeh? Basi ruta imeungua, inabidi ulipie nyingine." Jamani, faiba ni kioo. Kioo kinaletaje umeme? Umeme wa kuunguza ruta ungepitia kwenye adapta au kwenye waya unaokwenda kwenye kompyuta, na adapta nimeipima inatoa volti 12 zake kama ilivyoandikwa. Sikutaka kubishana. Nikaibeba ruta, tukaenda wote kwa jirani, tukachomeka faiba yake: LOS ikazimika hapo hapo. Imeona mwanga. Kijana kashuhudia kwa macho yake, halafu ananiambia "itakuwa imeungua kidogo". Imeungua kidogo! Na akaandika hivyo hivyo kwenye ripoti.

(Atakayejaribu hili kwake: kile kichwa cha kijani cha faiba usikiguse kwenye ncha, vumbi na mafuta ya vidole vinakiharibu. Na usichungulie ndani, mwanga ule hauonekani lakini si wa kuchezea macho.)

Ilibidi nimgombeze mpaka msimamizi wao ndipo akaja mtu mzima mwenye kipimo. Kapima pale faiba inapoingia ndani ya nyumba: hasi 19 dBm (nguvu ya mwanga, namba ya hasi ikizidi kuwa kubwa mwanga ni hafifu). Kapima mwisho, inapochomekwa kwenye ruta: hasi 34. Ruta hizi za faiba mwanga ukishuka chini ya hasi 27 au 28 hivi zinapoteza mawasiliano. Kwa hiyo nguzo ni nzima, ruta ni nzima, ugonjwa uko kwenye zile mita chache za ukutani. Akafungua boksi jipya la meni swichi. Wakuu, faiba ilikuwa imekunjwa kona kali kama karatasi, ziada yote imesokomezwa nyuma ya swichi, na pembeni klipu imegongwa msumari mpaka ganda jeupe limebonyea na kupasuka. Faiba ukiikunja namna ile mwanga unavujia kwenye kona, hauendelei mbele. Mzee akakata, akafunga kichwa kipya, akaizungusha duara pana nje ya boksi. Hasi 20. Kijani. Hata nusu saa haikufika.

Hela ya kichwa na ya kazi nimelipa, hiyo ni haki yao. Lakini deni la ruta "iliyoungua" bado linasoma kwenye akaunti yangu! Wanasema ripoti ya fundi wa kwanza haifutwi mpaka nirudishe ruta ofisini. Ndiyo, hii hii ninayoandikia uzi huu. Na siku zote nilizokaa gizani kifurushi kiliendelea kuhesabu kama kawaida, hakuna aliyegusia kufidia.

Halafu kuna huyu fundi umeme. Kompyuta ya chumbani inatumia waya wa mtandao kutoka kwenye ruta, kifurushi changu ni cha Mbps 200, na haivuki 94. Nikapanda darini kufuata waya. Kaukata ili apitishe paipu yake, akausokota na kuufunga kwa tepu nyeusi, tena kaunganisha nyuzi nne tu kati ya nane. Nikampigia. "Mzee, waya ni waya, zile nyingine ni akiba." Akiba! Nyuzi nne zinakupa Mbps 100 basi, kasi ya 1000 inataka zote nane, na zimesokotwa mbilimbili kiwandani kwa sababu maalumu. Kibaya zaidi, kipande kilichobaki kakipitisha kwenye paipu moja na waya za volti 230. Ganda likichubuka humo ndani, umeme unaingia moja kwa moja kwenye kompyuta na hapo ndipo ruta itaungua kweli. Kuja kurekebisha anataka nauli na hela ya kazi upya.

Malalamiko rasmi nimeshaandika kwa kampuni na namba ya kumbukumbu ninayo, maana TCRA, mamlaka ya mawasiliano, hawakupokei kabla hujaanza na mtoa huduma wako. Ruta siirudishi. Kuna mtu humu amewahi kufutiwa deni la namna hii au kurudishiwa siku za kifurushi? Aliandika nini, na alimwandikia nani? Na mwenye fundi wa waya za mtandao maeneo ya Tabata anayetembea na kipimo chake, aje PM.