Naenda Bonaire mwezi wa pili: naweza kupiga samaki kwa mkuki kutoka ufukweni?

MwanaShela

Asalaam aleikum ndugu zangu.

Mimi ni mtoto wa Shela, Lamu, sasa niko Rotterdam mwaka wa nne. Mwezi wa pili nimepata likizo ya siku kumi, na mwenzangu wa kazini, Mholanzi, amenishawishi twende Bonaire, kile kisiwa chao kilicho karibu na Venezuela. Nyumba tumeshalipia, iko pembeni ya mji wa Kralendijk, na pikapu ya kukodi tumeshaiagiza.

Bahari naijua tangu utotoni. Marehemu babu alinifundisha kuzamia kwa pumzi ya kifua tu, na mpaka leo mita nane au kumi nashuka bila taabu. Hapa nina mkuki wa mpira wa vipande viwili, unaingia vizuri kwenye begi. Nia yangu ni kuamka alfajiri, niingie majini kutoka ufukweni bila kukodi boti, nipate chewa mmoja na changu wawili, jioni tuchome. Miaka minne sijala samaki niliyempata mwenyewe, na jambo hilo limenikaa rohoni.

Naomba kujua: kibali kinatolewa wapi? Mahali gani ni pazuri kuingilia? Bamvua la mwezi wa pili linaangukia siku gani, maana nataka kupanga siku zangu kwa maji? Na mzia je, huko wanaliwa? Mimi mzia wa kuchoma simwachi.

Binti_Jambiani

Wa aleikum salaam mdogo wangu, karibu sana. Niko Bonaire mwaka wa saba, nimeolewa huku. Nitaanza na lile litakalokuuma: mkuki uache Rotterdam.

Bonaire imepiga marufuku uvuvi wa mkuki tangu mwaka 1971. Hakuna kibali cha mgeni, na hakuna pembe ya kisiwa iliyoachwa wazi. Mwaka 1979 bahari yote inayokizunguka kisiwa ikawa hifadhi, kuanzia pale maji yanapofikia yakijaa hadi kina cha mita 60. Ukikanyaga maji tu, umeshaingia hifadhini. Kombe, kome, kipande cha tumbawe lililokufa, vyote huviokoti. Pono nao wanalindwa kwa sheria, kwa sababu ndio wanaokwangua majani yanayotaka kulifunika tumbawe. Na usiseme hii ni mikatazo ya Wazungu peke yao, hata kwetu Kenya bunduki ya mkuki hairuhusiwi.

Nilipofika nilikasirika kama utakavyokasirika wewe. Mimi nimelelewa na bibi aliyekuwa akitoka maji yakipwa kuchokoa pweza, na mtu wa Jambiani kumwambia asitoe kitu baharini ni kama kumwambia asiingie jikoni kwake. Kisha nikavaa miwani nikatazama. Chewa aliniangalia asikimbie. Alikaa palepale kwenye tumbawe lake, mimi nikielea mita mbili juu yake, akafungua mdomo wale kamba wadogo wanaosafisha meno waendelee na kazi yao. Kwetu chewa akiona kivuli cha mtu tu keshaingia shimoni, amejifunza kwa mikuki ya miaka mingi. Hawa wa hapa wamezaliwa mkuki ulishaondoka. Nililia ndani ya miwani.

Kuhusu bamvua: halipo. Maji ya huku hupanda na kushuka kama sentimita 30 hivi, basi. Kwetu bamvua ni mita nne, unatembea kwa mguu mpaka mwambani. Hapa jiwe lililolowa asubuhi utalikuta limelowa jioni. Usipange siku kwa mwezi, panga kwa upepo.

Na upepo ndio nataka uusikilize vizuri, maana wewe ni mzamiaji hodari na hodari ndiye anayepotea. Hakuna kaskazi na kusi. Upepo unatoka mashariki karibu mwaka mzima. Upande wa mashariki mawimbi yanapiga miamba mikali, usiingie kamwe, isipokuwa ndani ya ghuba ya Lac ambayo imekingwa. Upande wa magharibi maji yametulia kama ya kwenye karai, na utulivu huo unadanganya, kwa sababu upepo unatoka nchi kavu kwenda baharini. Ukichoka hautakurudisha, utakupeleka nje, na ukikikosa kisiwa kidogo cha Klein Bonaire, mbele yako ni Curaçao. Kabla hujaingia tupa kijiti majini utazame mkondo unakwenda wapi. Anza kwa kupingana nao, urudi ukisaidiwa nao.

Pa kuingilia hutapata shida. Kando ya barabara ya pwani utaona mawe yamepakwa rangi ya manjano na kuandikwa majina, kila jiwe ni mahali pa kuzamia. Siku ya kwanza nendeni Te Amo, karibu na uwanja wa ndege, ni mchanga na mwenzako asiyezoea hataumia miguu. Ukishazoea nenda kaskazini pale panapoitwa Ngazi Elfu. Ngazi zenyewe hazifiki hata mia, ila ukizipanda na mzigo mabegani utaelewa jina limetoka wapi. Kasa wanapita pale mara nyingi. Kusini iko gati ya chumvi, na nguzo zake zimejaa sifongo za manjano na machungwa, samaki wamejikusanya kivulini kundi kwa kundi. Meli ikiwa imefunga usiikaribie.

Ukiwa kusini huko simamisha gari kwenye vile vibanda vya mawe kando ya mashamba ya chumvi. Walikuwa wakilala humo watumwa waliochimba chumvi. Mlango wake unauingia kwa kuinama mpaka magoti, na ndani mtu mzima hasimami wima. Utumwa ulifutwa huku tarehe 1 Julai 1863. Mimi ni Mzanzibari, najua soko la Mkunazini lilikuwa nini, na bado nilipotoka ndani ya kile kibanda sikuweza kuendesha gari kwa muda. Usipite bila kusimama.

Ada ya hifadhi ni dola 40, unailipa mara moja na inakutosha mwaka mzima. Ipo pia kodi ya kuingia kisiwani, dola 75, hiyo ni mbali. Glavu haziruhusiwi, kwa sababu mwenye glavu hushika kila kitu. Mafuta ya jua yenye oksibenzoni yamekatazwa tangu 2021, vaa fulana ya mikono mirefu tu. Ukitoka, suuza vifaa vyako vizuri, maana mwaka 2023 uliingia hapa ugonjwa unaoyaua matumbawe magumu, na nimeona tumbawe la umri wa babu zetu likigeuka jeupe ndani ya wiki chache. Na kwenye pikapu usiache kitu, hata viatu.

Sasa mkono ukikuwasha sana. Kuna samaki mmoja tunaruhusiwa kumpiga, naye ni wa kwetu. Yule mwenye milia ya damu ya mzee na mapezi kama manyoya ya jogoo, huku wanamwita simba. Kwetu umemwona kwenye mashimo ya mwamba na umempisha kwa sababu ya miiba yake. Ni jamaa wawili wanaofanana, mmoja wa Bahari ya Hindi na mwingine wa Pasifiki. Walionekana Florida mwaka 1985, inaaminika walitoka kwa wafugaji wa samaki wa mapambo, na Bonaire wakafika mwaka 2009. Samaki wadogo wa huku hawamjui, wanamkaribia kama jani linaloelea naye anawameza. Jike mmoja hutaga mayai hadi milioni mbili kwa mwaka. Kwa hiyo hifadhi inawafundisha watu kumwinda kwa mkuki mfupi uliotengenezwa kwa kazi hiyo, na hauruhusiwi kupiga kingine chochote. Wengi wetu tunashuka na mitungi ya hewa, maana amezidi kuhamia chini. Ukitaka, zungumza na kituo cha kuzamia chenye idhini kabla hujapanda ndege. Kwa mkuki wako wa begini, hapana.

Ana miiba 18 yenye sumu, 13 ikiwa ya mgongoni. Ilinichoma mwaka wangu wa pili, kidole cha shahada, nikahisi mfupa unapasuliwa kwa nyundo. Dawa ni maji ya moto kadiri unavyoweza kuvumilia bila kuungua, nusu saa mpaka saa moja na nusu, na kumwona daktari. Lakini nyama yake nyeupe, haina mifupa midogo, na kwenye tui la nazi anatulia kabisa.

Mlikoni_Florida

Dada kamaliza. Niongeze la mzia.

Mzia wa Karibi usile, ndugu yangu, na usije ukajipa moyo kwa kuwa nyumbani tumemla maisha yote. Kuna sumu inaitwa siguatera. Inaanzia kwenye kiumbe kidogo sana kinachoishi juu ya majani ya mwambani, samaki wadogo wanakula majani, wakubwa wanakula wadogo, na kila ngazi sumu inaongezeka. Mzia, kolekole mkubwa na chewa mkubwa ndio hatari zaidi. Huioni, huinusi, haiishi kwa kupika wala kugandisha. Mimi nilikula mzia kwenye sherehe. Usiku nikatapika, midomo ikawa kama inatambaa sisimizi, na asubuhi nikashika glasi ya maji baridi nikaiachia chini nikidhani imeniunguza. Baridi inakuwa moto. Ilinichukua wiki tano kupona.

Kama kiu yako ni mkuki, siku nyingine fikiria Bahamas. Huko mgeni anapata kibali. Bunduki ya kufyatua hairuhusiwi, ni mkuki wa mpira tu, kama huo wako, na kwa pumzi yako mwenyewe, mtungi hapana. Lakini kutoka ufukweni kwa mguu hutaweza: visiwa vingi ni marufuku kupiga ndani ya yadi 200 kutoka nchi kavu, na New Providence ni maili nzima. Yule chewa wanayemwita wa Nassau hafai kuguswa kuanzia Desemba mpaka mwisho wa Februari, ndipo anapokwenda kutaga.

Na popote utakapozama usizame peke yako. Rafiki yangu, mzamiaji kuliko mimi, alikuwa na tabia ya kupumua haraka haraka kabla ya kushuka. Alidhani anajaza hewa, kumbe anatoa ile hewa chafu inayouambia mwili "pumua". Alizimia akipanda, amebakiza mita mbili. Nilikuwa juu namtazama, nikamshika. Ningekuwa nachezea miwani yangu tungemzika. Mmoja chini, mwingine juu, macho kwake mpaka avute pumzi ya tatu.

MwanaShela

Dada, kaka, nimesoma mara mbili. Kusema kweli ya kwanza ilinichoma, nilifunga simu nikaenda zangu kazini. Lile la chewa asiyekimbia ndilo lililonirudisha. Babu alikuwa akisimulia kwamba ujana wake chewa wa Manda walikuwa hivyo, wanamtazama mtu, na sisi wajukuu tulidhani ni maneno ya uzee.

Mkuki naacha. Mwenzangu hajui kuzama, lakini nitamfundisha kukaa juu na kunitazama. Swali moja limebaki: jioni tutachoma nini?

Binti_Jambiani

Mungu amrehemu babu yako.

Fulusi utampata kwa wavuvi wa hapa, wanarudi alasiri, waulize watu wa mtaani wanashushia wapi siku hiyo. Salimia kwanza, "bon dia" ikiwa asubuhi, "bon tardi" ikiwa alasiri, kisha ndiyo uulize bei. Asiyesalimia huku anahudumiwa mwisho, kama kwetu. Na kula na funchi. Ni ugali wa unga wa mahindi wa manjano, wanautia chumvi na siagi kidogo. Mara ya kwanza nilipowekewa sahani ya samaki na funchi niliuliza nani amefika hapa kabla yangu.

Simba nitakuwekea wanne kwenye friza, mume wangu anashuka kila Jumamosi. Niandikie faraghani ukishapata tarehe. Wewe niletee iliki na bizari nzima kutoka Rotterdam, na kama duka la Wasomali lina ubuyu wa rangi, pakiti mbili.