Naomba ushauri: nilipeleka mchumba wa kuigiza nyumbani, sasa baba anasubiri posa

Habari zenu ndugu. Nina miaka 31, naishi Dar. Desemba nilimwomba mfanyakazi mwenzangu tuende wote Moshi kula Krismasi, ajifanye mchumba wangu, maana mama alikuwa analia kila akinipigia simu. Siku nne tu. Baba akamchinjia mbuzi, wakanywa mbege pamoja. Halafu nikamkuta jikoni anamsaidia mama kumenya ndizi, wanacheka, na moyo wangu ukahama kweli.

Sasa baba anauliza barua ya posa inakuja lini na mshenga ni nani. Mwenzangu hajui lolote, kazini tunasalimiana kama zamani. Nianze kumwambia yeye, au kwanza niwaombe wazazi radhi? Baba ana presha, naogopa sana.