Dada ana MS (multiple sclerosis, ugonjwa wa neva), mbona jikoni anaishiwa nguvu?

Wadau, salaam. Dada yangu ana miaka 31, tuko Mombasa. Mwaka jana jicho la kulia liliingia ukungu, likawa linauma akiligeuza, kisha likapona. Sasa mguu unakufa ganzi, na picha ya MRI imeonyesha MS. Asubuhi anatembea vizuri, lakini akimaliza kukaanga mahamri anaburuta mguu. Jirani anasema karogwa!

Jibu: Pole, ndugu yangu. Mimi nina MS mwaka wa tisa huu. Kinga ya mwili inashambulia mielini, utando unaofunika nyuzi za neva kwenye ubongo na uti wa mgongo. Ni kama waya uliochunika: ujumbe unachelewa, au haufiki. Joto huzidisha hilo. Daktari wa macho Mjerumani, Wilhelm Uhthoff, mwaka 1890 alieleza wagonjwa wa MS walioona ukungu baada ya kujichosha; baadaye ikajulikana kwamba chanzo ni joto la mwili. Mimi hupika alfajiri, kitambaa cha maji baridi shingoni, stuli kando ya jiko.

Muulizaji: Kwa hiyo joto linamwongezea ugonjwa?

Jibu: Hapana, akipoa nguvu hurudi. Ila dalili mpya ikipita saa 24, mpelekeni kwa daktari wake.

Mwingine: Huyo jirani mwambieni alete feni.