Masta ya mipango miji ya nini wakati mji umeshajijenga?

Wakuu habari zenu. Wiki iliyopita kwenye kikao cha halmashauri yetu ilizuka hoja, tupeleke watumishi wawili kusoma masta ya mipango miji au hiyo hela tununue mashine ya kupimia viwanja. Mimi masta ninayo na bado nikasimama upande wa mashine, basi nikaambiwa nimeshiba sasa nawafungia wenzangu mlango. Naileta hapa tuijadili.

Dar tu kwa sensa ya 2012 ilikuwa na watu kama milioni 4.4, ya 2022 ikawa kama milioni 5.4. Hao milioni moja hawakusubiri mchoro wa mtu. Masta plani (mpango mkuu wa mji) ya 1968 ilikuwepo, ya 1979 ilikuwepo, baada ya hapo miaka zaidi ya 30 mji ukawa unajichora wenyewe. Halafu darasani unafundishwa kupanga eneo tupu, hapa shule hapa soko hapa eneo la wazi, unapaka kijani na njano kwenye kompyuta, unarudi ofisini unapewa urasimishaji, yaani kupima na kumilikisha makazi yaliyojengwa bila mpango, ambako kila kipande kina nyumba, choo na kaburi la babu yake mtu.

Mwaka wangu wa kwanza tangu nitoke chuo tuliingia mtaa mmoja kutafuta njia ya mita 4 ili gari la zimamoto liweze kupita. Kamba ikapita katikati ya jiko la bibi mmoja. Hakugomba wala nini, alitoa kigoda akakaa juu ya kamba anachambua mchele, akasema "mjukuu wangu, we pima tu, mi nipo." Masaa mawili! Aliyetuokoa ni mjumbe wa shina, darasa la saba, alimfuata jirani wa ng'ambo wakaelewana kila mmoja atoe kidogo. Tasnifu yangu ina kurasa mia na ushee, hilo halimo.

— Mkuu unapotosha. Mashine itakwambia bikoni (jiwe la mpaka wa kiwanja) iko wapi, haitakwambia kwa nini waliohamishwa bondeni Jangwani baada ya mafuriko ya 2011 wakapelekwa Mabwepande, mbali na katikati ya mji, wengine walirudi kule kule kwenye maji. Riziki yao iko Kariakoo, nauli wataitoa wapi? Hapo unataka mtu aliyekaa akasoma mkoa mzima, siyo kiwanja.

— Na Sinza je? Mradi wa viwanja na huduma wa miaka ya 70, kuna watu waliumiza kichwa kwanza. Leo kiwanja cha Sinza nani anakigusa.

— Mi niko nusu kwa nusu. Digrii yangu ya kwanza ni sosholojia, nimeingia masta sijui hata kushika skeli (rula ya kuchorea ramani), wenzangu waliosomea mipango tangu mwanzo walinicheka mpaka basi, ila tukienda mtaani kuongea na wananchi wananisukuma mimi mbele. Shida ni ada, najilipia mwenyewe na mama watoto kila mwezi anauliza cheo kinapanda lini 😂

Mleta mada narudi. Hapo kwenye watu wa Jangwani nimefungwa goli, nakubali. Basi waende, ila kwa sharti moja: tasnifu wafanyie kwenye mtaa wa halmashauri yetu na wamalize na mchoro ambao wananchi wameukubali kwenye mkutano, siyo mtu analipiwa na sisi halafu anatuletea habari za Curitiba huko Brazil. Mashine bado naitaka vile vile, tunaazima kila siku tumekuwa kama wapangaji.

Na mtakaouliza, njia ilipatikana, mita 3 na nusu. Bodaboda zinapita mchana kutwa, gari la zimamoto bado sijaliona.