Tupeane uzoefu: mimba ya kwanza, leba ya serikali na ya binafsi, kisu kinaingilia wapi?

MkungaZamuYaUsiku
Ile mada ya bili za kujifungua imeniamsha. Kila mtu kule anasema wanawake wanapasuliwa kwa tamaa ya pesa, basi. Mlioko leba tumwage hapa: mama wa mimba ya kwanza kaja mzima, mtoto katanguliza kichwa, wiki zimetimia. Kisu kinamkuta hatua gani? Zile za "mimi nilipasuliwa hivi" zina uzi wake, hapa tuongee kazi.

Naanza. Kosa la kwanza ni kumpa kitanda mapema. Mlango wa kizazi umefunguka sentimita 3, uchungu mmoja kwa dakika 10, bado anachat na dada yake, mnamlaza na kumfungulia partografu (chati ya kufuatilia uchungu). Karatasi ya zamani inaanza kuhesabu sentimita 4 na inamdai sentimita 1 kila saa. Shirika la Afya Duniani tangu 2018 linahesabu uchungu kamili kuanzia sentimita 5, na linasema kile kipimo cha sentimita moja kwa saa si cha kumhukumia mtu. Uzao wa kwanza unaweza kuchukua hadi saa 12 kutoka 5 mpaka 10. Sasa ukianza kumhesabia akiwa 3, saa nne usiku ameshavuka mstari wa tahadhari kwenye chati na wala hajaanza.

NesiKauzu
Umegusa penyewe.

PwaniDokta
Mkunga umesema nusu. Nusu nyingine ni kuanzishiwa uchungu.

Chukua mama wa wiki 39, presha nzuri, mtoto anacheza. Ultrasaundi inasema kilo 3.9. Kipimo hicho mwishoni mwa mimba kinaweza kukosea asilimia 10 mpaka 15, juu au chini, ila neno "mtoto mkubwa" likishatoka halirudi. Anaambiwa aje Ijumaa asubuhi. Anapimwa njia: mlango wa kizazi umefunga, mrefu, umeelekea nyuma, mgumu kama ncha ya pua (ulioiva unakuwa laini kama mdomo), kichwa kiko juu. Kwa alama za Bishop, zinazopima utayari wa mlango, hiyo ni 0 kati ya 13. Mlango wa namna hiyo unalainishwa kwanza, kwa puto la katheta au misoprostoli (dawa ya kulainisha mlango na kuleta uchungu) mikrogramu 25 za kunywa kila saa 2. Kidonge kinachopatikana ni cha 200, kwa hiyo kinayeyushwa kwenye mililita 200 za maji, mama anapewa mililita 25. Rahisi hivyo. Lakini mtu anachukua wembe anakata. Robo ni 50, na vipande havilingani hata siku moja. Uchungu unapandana, mara 6 ndani ya dakika 10, moyo wa mtoto unashuka chini ya mapigo 110 kwa dakika, mnakimbia thieta kwa dharura mliyoitengeneza wenyewe.

Asiyekata kidonge anaruka moja kwa moja kwenye dripu ya oksitosini (dawa ya kuongeza uchungu) na mlango umefunga. Anapasua chupa ili "kusaidia". Saa 6 baadaye sentimita 2. Maji yameshatoka, kwa hiyo hata kumrudisha nyumbani haiwezekani tena. Na daktari wa usingizi ni wa kuitwa, saa 12 jioni anaondoka. Faili linaandikwa "uchungu haukuendelea". Haukuanza!

BimaHaitoshi
Kwa hiyo unakubali ni biashara. Kenya enzi za NHIF (bima ya afya ya taifa) bei ilikuwa wazi: kawaida shilingi 10,000, upasuaji 30,000. Nani atakesha kwa elfu kumi?

PwaniDokta
Usinitie maneno mdomoni. Nimesema saa ya daktari wa usingizi, sijasema pochi.

BimaHaitoshi
Saa yake inalipwa na nani, mkuu?

NesiKauzu
Mnagombana na serikalini hamjafika. Sisi tunakosea kwa upande wa pili. Mkunga mmoja, vitanda nane. Moyo wa mtoto usikilizwe kila dakika 30, dakika nzima, uchungu unapoachia. Hapo ni mara 16 kwa saa, hujapima presha, hujapima njia, na anayesukuma anatakiwa kila dakika 5. Matokeo yake chati inajazwa mwisho wa zamu: 140, 140, 138, 140, kama namba za luku. Daktari akija anaona mama ana saa nyingi, chati haiaminiki, maji yana choo cha mtoto. Unafikiri atafanya nini? Atapasua. Siyo tamaa. Hana ushahidi wa kumsubirisha.

TakwimuTu
Msilinganishe asilimia za jumla. Hospitali ya rufaa ya serikali inapokea waliokwama zahanati, lazima iwe juu. Mtumie makundi ya Robson, yanayowapanga wazazi kwa aina ya mimba na jinsi uchungu ulivyoanza: kundi la 1 ni mimba ya kwanza, mtoto mmoja, kichwa chini, wiki 37 na zaidi, uchungu umeanza wenyewe. La 2 ni mama huyohuyo lakini kaanzishiwa, au kapasuliwa kabla ya uchungu. Linganisha la 1 kwa la 1. Halafu angalia la 2 lina watu wangapi, hapo ndipo binafsi anajifichua. Brazil hospitali binafsi zilipita asilimia 80. Mwaka 2016 madaktari wao walibanwa na kanuni: upasuaji wa hiari usifanyike kabla ya wiki 39.

BimaHaitoshi
Si mnasema kikomo ni asilimia 10?

TakwimuTu
Siyo kikomo cha hospitali. Tamko la Shirika la Afya Duniani la 2015 linasema kwa idadi ya watu wote, ukipita asilimia 10 vifo havipungui zaidi. Tanzania utafiti wa 2015-16 ulitoa 6. Maana yake kuna waliopasuliwa bure na kuna waliokikosa kisu, nchi moja.

Kisu_Sentimita10
Mnabishania sentimita 3. Njooni kwenye 10.

Mama kafunguka yote, kasukuma saa nne kituoni, gari la rufaa limechelewa, kaletwa. Kichwa kimejibana kwenye nyonga, kimevimba. Unafungua tumbo, unapitisha mkono nyuma ya mfupa wa kinena, hauingii. Kibofu kimevutwa juu. Ukikata pale ulipozoea unakikata chenyewe. Sehemu ya chini ya kizazi imekuwa nyembamba kama karatasi, na ukiipinda kwa kiganja inachanika pembeni kuelekea kwenye mishipa mikubwa, wakati mwingine inashuka mpaka ukeni. Mtoto anatoka mlegevu. Kizazi kimeshiba oksitosini ya kutwa nzima, hakikazi tena, damu inapita lita moja na bado unatafuta ncha ya mchaniko. Mkojo una damu, mpira wa mkojo unabaki siku 10 hadi 14 kuogopa fistula (tundu linalovujisha mkojo ukeni). Huyo ndiye aliyekosa kisu mapema.

MkungaZamuYaUsiku
Mungu wangu.

NesiKauzu
Kichwa cha mtoto kinasukumwa juu kutoka ukeni, mtu avae glavu ndefu, vidole vyote vitandazwe. Ukitumia viwili unavunja fuvu.

PwaniDokta
Hapana. Shika miguu juu, mtoe kwa matako. Kuchanika kunapungua.

NesiKauzu
Usiku, na msaidizi wa kwanza ni intern, daktari wa mafunzo? Haya.

TendeNaNgazi
Kula tende kuanzia wiki 36, panda ngazi, thieta utaisikia redioni.

Kisu_Sentimita10
Tende sawa, ila haijathibitika kwamba zinazuia kisu. Mizizi ya kuharakisha hapana, uchungu unakuja kama misoprostoli ya wembe na hujui dozi.

MkungaZamuYaUsiku
Huyo mama wa Kisu_Sentimita10, kichwa kisingekuwa juu zaidi ya sehemu moja kwa tano tumboni, mapema angetolewa kwa vakyumu (kikombe cha kumvuta mtoto kichwani). Mivuto mitatu, kichwa kishuke kila mvuto, kisiposhuka unaacha.

PwaniDokta
Angalau hilo tunakubaliana. Na kwenye kadi mwandike aina ya mkato. "Oparesheni" peke yake haimsaidii mkunga wa mimba ya pili. Mkato wa mlalo wa chini anaweza kujaribu kawaida, hatari ya kovu kupasuka ni kama 1 kati ya 200, na misoprostoli haruhusiwi kabisa. Mkato wa wima juu, hajaribu.

NesiKauzu
Kadi za binafsi zinakuja na picha ya jengo, mkato haujaandikwa.

BimaHaitoshi
😂 Nilisema mimi.

MkungaZamuYaUsiku
Naingia zamu. Vakyumu yetu iko kabatini, kikombe kimepasuka ukingoni, hakishiki. Anayejua pa kupata kikombe peke yake bila kununua mashine nzima aandike hapa.